Fomu ya Konokono

Kikombe cha kwanza ni cha Time, rangi ya chai kavu.
Cha pili cha Mjaka, cheupe, hakina neno.
Cha tatu mwenyewe hakukileta mezani,
kakificha nyuma ya mlango wa darasa la nne
kama mtu aliyeiba mayai.

Wenzake wamekiona. "Shaame kabaleghe!"
Naye anacheka nao. Baba yake alikojoa hivyo,
na babu yake; hapa kwetu bondeni
damu ilihesabiwa uanaume
kabla haijahesabiwa ugonjwa.

Shaame ni wangu. Na anayehesabu ni mie.

Asubuhi watoto, mchana konokono.
Nina chekecheke lenye mpini wa mkarafuu,
koleo ndogo, na buti mbili za mpira:
la kulia zima, la kushoto linavuja.
Mto wenyewe si mto, ni mkono wa maji
kati ya mpunga na migomba,
mwenye haraka anauruka.
Ila una mawe mapana, yamelainika kwa magoti
na sabuni ya mama zetu.

Konokono mdogo, ukucha wa mtoto mchanga,
mdomo wa ganda upande wa kushoto.
Namtia kwenye glasi, naiweka juani.
Jua likikolea, aliye nao huwatoa:
vumbi lenye mkia, linaogelea.
Bi Kaije akainama, akafumba jicho moja.
"Hivi ndivyo vinavyotuingia?"
Ndivyo.
"Bila ya kuuma?"
Bila ya kuuma.
"Basi vina adabu. Vinaingia kimya,
havitukutanishi kwanza tukapiga makofi."

Maana mfereji upo, asikwambie mtu haupo.
Uko nyuma ya skuli, una sakafu ya saruji
na maandishi ya buluu ya waliotoa fedha.
Ulifunguliwa Shaabani: utepe, picha,
maji yakaruka, watoto wakalowa na sare zao.
Mfunguo Tatu ukakohoa,
ukatoa upepo,
ukanyamaza.
Pampu inataka umeme, umeme unataka kulipiwa,
kamati inamtaka mshika fedha,
mshika fedha yuko Unguja, anamuuguza mwanawe.
Nyigu wamejenga mdomoni mwa bomba.

Vidonge vinakuja, sikatai.
Mtoto anasimamishwa penye mti wa kupimia,
kichwa kimefika wapi, viwili na nusu.
Vikubwa, vichungu, kwanza ale andazi.
Damu inakatika.
Alasiri wamo majini tena,
kwa sababu kuna jua, na wao ni watoto.

Fomu yangu ina visanduku kumi na viwili.
Joto la maji. Majani. Konokono hai. Maganda matupu.
Watu waliomo majini saa hii:
wanawake sita, watoto kumi na mmoja.
Hakuna kisanduku cha kwa nini.
"Konokono unawahesabu weye," kaniambia Bi Kaije,
"siku za mfereji mkavu nani anazihesabu?"
Nikaliandika swali lake pembeni, kwa penseli.
Fomu ikarudi kutoka Chake:
tafadhali, karatasi isichafuliwe.

Ijumaa. Sare ya Shaame ina tope mpaka kolani.
Ndoo nyumbani ni mbili,
moja ya kunywa, moja ya kutawadhia,
na mume wangu keshaitazama ile ya pili.
Nikasimama uani na karai mkononi,
muda wa kuchemka chungu cha muhogo.
Kisha nikavaa buti.

Bi Kaije alikuwa jiweni. Hakusema kitu.
Akavuta nguo zake upande, akanipa nafasi,
akanisogezea na kipande cha sabuni.
Maji yaliingia buti la kushoto
taratibu, ya vuguvugu, bila ya kuuma.

Nilipomaliza nikajifuta mikono, nikatoa kalamu.
Watoto tisa.
Wanawake saba.
Na mie nilijitia.